Siku Baba Alipokiri Mtego Wake

Enzi zetu, sisi tuliokulia Kagera kabla wazazi hawajarudi Rwanda, mtoto hakuuliza atakula nini. Aliangalia msimu. Senene wakianguka, tulinyonyoa mbawa mpaka vidole vikateleza kwa mafuta. Wakiisha, ni ndizi na maharage. Lakini sisi wa kandokando ya msitu wa Minziro tulikuwa na cha ziada: nyama ya paa. Baba alikuwa mtega mitego. "Mkiulizwa, semeni maharage," Mama alituonya, nasi tulisema maharage huku midomo inang'aa.

Nilikuwa darasa la nne alipokuja Dada Leokadia, mtafiti wa misitu, msichana wa viatu vya mpira na sauti ndogo. Alitangaza kijijini kwamba anatafuta watu sita awafundishe utafiti: kupima miti, kuhesabu mbega, kuandika ndege waliosikika. Wazee walicheka. Kuhesabu mbega nayo ni kazi?

Baba hakucheka. Alirudi nyumbani akaniambia, "Nifundishe kuandika vizuri. Mkono wangu umezoea panga."

Basi kila alasiri tulikaa mlangoni na daftari langu. Aliandika jina la ndege, "hondohondo", akikandamiza penseli hadi karatasi ikatoboka, nami nikamfokea kama mwalimu wetu: "Mkono mwepesi, wewe!" Alitii. Sijawahi kuwa na cheo kikubwa kama kile.

Yaliyofuata tulisimuliwa na Mzee Rwegasira, jirani yetu aliyechaguliwa pamoja na Baba kati ya wale sita, mara nyingi hata tukayajua kwa moyo. Wiki ya tatu, wakifuata mstari wa dira wa kuhesabia wanyama, walimkuta paa amenaswa mguu, waya umeingia mpaka kwenye mfupa. Yu hai. Dada Leokadia alipiga magoti, akaufungua, na mnyama akachechemea vichakani. Kisha akauliza bila kupandisha sauti, "Mtego huu ni wa nani?"

Wote walitazama miguu yao. Kila mmoja aliijua mikono iliyofunga fundo lile, na hakuna ambaye angesema.

"Ni wangu," Baba alisema. "Na iko mingine."

Alidhani anapelekwa polisi. Dada Leokadia alijifuta damu mikononi kwa majani. "Basi leo wewe ndiye mwalimu," akasema. "Tuongoze. Tunaing'oa yote."

Waling'oa mpaka jua likaelekea kuzama. Njiani Baba akawa anawaonyesha paa hupita wapi, hulala wapi, hula nini mvua zikichelewa, na ndege yupi huita mvua, na Dada Leokadia akiandika mbio mbio.

Msidhani tulishangiliwa. Wategaji wenzake waliacha kumsalimia, wakisema amefichua siri zao. Asubuhi moja tulikuta migomba yetu imefyekwa. Shuleni nikaitwa mtoto wa mlinzi wa nyani, na nyumbani sasa maharage yalikuwa maharage kweli. Siku moja nilishindwa kuvumilia. "Baba, kwa nini hukunyamaza tu?"

Alijikuna kichwa. "Nilitaka kunyamaza, mwanangu. Mdomo ukanitangulia."

Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyefundisha kundi jipya. Miongoni mwao walikuwamo wawili tuliowashuku kwa ile migomba. Aliwafundisha kuzungushia mti futikamba usawa wa kifua ili kupima unene wake, na hakuwauliza lolote.

Tuliporudi Rwanda alikuja na madaftari yake, akayapanga chumbani kwake hapa mjini, mtaa wa Kagarama. Tulimzika miaka miwili iliyopita.

Siku hizi vijana wanafunzwa uhifadhi kwenye ukumbi wa hoteli, chai na sambusa, na cheti cha rangi saa kumi. Mwanangu anasoma mambo ya mazingira. Siku yake ya kwanza msituni siafu walimpanda, akatuma picha ishirini za mguu mmoja! Lakini simdharau. Anajua majina ambayo babu yake hakuyajua, na akiinua simu, inamtajia ndege kabla hajamaliza kuimba.

Juzi asubuhi, nikielekea kazini Kacyiru, ndege aliimba kwenye ua wa jirani. Nilisimama pale na viatu vyangu vya ofisini mpaka basi likaniacha. Jina lake ningelipata kwa simu. Nilichotaka kujua ni kama anaita mvua, au amepoteza mwenzake, na hilo nilizoea kumuuliza Baba.