Daktari Kaandika Kulwa, Hakuuliza Doto Yuko Wapi

(Jina la mama huyu na la mtaa wake tumeyaficha kwa ombi lake mwenyewe.)

Hamjambo wanangu mnaosoma, na ninyi mnaosomewa barazani kama mimi. Mimi ni bibi wa hapa Tabora. Umri wangu siujui, ila reli ilipofika hapa nilikuwa tayari nabeba mtungi mkubwa kichwani. Shule sikuiona hata mlango. Anayeandika ni jirani yangu, mke wa mwalimu, nami nimemwapisha asinipambie maneno.

Naishi na mkwe wangu. Mwanangu yuko kazini kwenye reli huko Kaliua, anakuja akipata ruhusa. Ametuachia mapacha wake, Kulwa wa kwanza na Doto wa pili kama mapacha wote wa huku wanavyoitwa, wanaume, meno ndiyo kwanza yamekamilika. Kulwa ni gogo. Doto ni kijiti, ukimshika mkono unaogopa. Lakini kwa ubishi, Doto ndiye baba yetu sote.

Basi Kulwa akashikwa na kikohozi. Mkwe wangu akambeba mpaka kwa daktari wa mjini anayetibu nyumba yetu yote. Daktari yule simwamini tangu zamani. Unamwambia maneno mawili, yeye anaandika kumi. Unaandika nini, baba, na mimi nimekutajia goti tu? Mimi nikabaki na Doto. Mkwe akaenda na chupa yetu tupu, maana dawa ya maji huipati bila chupa yako. Alivyonisimulia, Kulwa alipandishwa kwenye mizani kama debe la asali, jina likaandikwa, chupa ikajazwa. Kijiko asubuhi, kijiko jioni.

Akarudi, akampa Kulwa kijiko, akampa Doto kijiko. Hakuna aliyemwambia ampe na Doto, na nani amwambie? Sisi Wanyamwezi mapacha hatuwabagui. Ukimshonea mmoja nguo, shona mbili. Akinyolewa mmoja, ananyolewa na wa pili. Ukimpa huyu ukamnyima mwenzake, aliyenyimwa anasononeka mpaka anarudi alikotoka.

Kulwa akapata nafuu. Doto akalala. Nasema akalala! Jua limepanda, namwita, namfinya kisigino, anafungua jicho moja kama mlevi, analifumba. Mkono ukiuinua unaanguka. Nikamfunga mgongoni, nikakamata ile chupa, nikatoka miguu mitupu. Mkwe nyuma yangu na Kulwa, analia, "Mayu, mama yangu, taratibu, watu wanatutazama!"

"Waache watazame, macho ni yao."

Daktari akaniamkia, "Shikamoo, mama." Nikamwambia, "Marahaba utaipata baadaye. Umempa nini mtoto wangu?"

Akamfunua Doto macho, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Huyu mimi sijamtibu. Ni nani?"

"Ni Doto."

"Nani kampa dawa?"

Mkwe wangu akainamisha kichwa. Daktari akamgombeza: dawa ya mtoto hupimwa kwa uzito wake, kinachomtosha huyu kinamzidi yule.

"Wamezaliwa siku moja," nikasema.

"Ni kweli, mama, lakini mizani haijui siku ya kuzaliwa."

Hapo hasira zikanipanda. "Wewe umekula ugali wa Tabora miaka yote hii. Umeandika Kulwa kwa mkono wako mwenyewe. Mtu gani wa hapa anasikia Kulwa asiulize Doto yuko wapi?"

Wagonjwa kwenye benchi wakaguna. Mzee mmoja akasema, "Hata mbuzi wangu angeuliza." Daktari akamlaza Doto kitandani. Akatuweka pale mpaka alasiri, hadi Doto alipoamka, akadai uji, akanichapa kofi kwa kumchelewesha. Kofi tamu lile, nililia.

Lakini moyo haujatulia. Wakati tunaondoka nilimwona daktari anainua chupa yetu kwenye mwanga, anainusa, anairudisha. Kwa nini ainuse dawa yake mwenyewe? Halafu akasema kifua cha Kulwa ni cha kurudirudi: kila kikirudi anywe kijiko chake, na Doto asionje hata tone. Dawa gani hii, inamponya mmoja na kumlegeza mwenzake? Anatibu, au anafunika kosa?

Sasa baridi imeingia na kifua kimerudi. Chupa nimeifungia sandukuni mwangu. Mkwe anasema tumpe Doto maji ya asali kwa kijiko kile kile. "Hatajua, mayu." Doto hatajua, sawa. Na wazee wetu waliotangulia, waliotupa mapacha, nao hawajui? Nikimpa Kulwa peke yake, naogopa Doto ataniponyoka. Nikiwapa wote, nitamuua Doto kwa mkono wangu. Nikiimwaga, Kulwa je? Na nikimpelekea daktari watoto wote wawili, atawaangalia, au ataangalia mizani tu?

Ninyi mnaolea mapacha, na ninyi mnaowajua madaktari, semeni nami bila kunionea haya: chupa niitoe au niiache humo? Kulwa anakohoa hapa ninapoongea, na Doto amekaa pembeni yake anakohoa kwa kumuiga.