Mvua ya Mama Shiru

Tangu mume wake aitwe na Bwana, Wachuka ndiye mshika funguo wa kanisa la mabati kule Kariandusi. Hufagia vumbi jeupe la mgodi, hupanga viti, na kila Jumatano saa kumi na moja jioni huwasha sanduku la intaneti lililofungwa juu ya paa. Hapo akina mama huomba mvua, na maombi humfikia kwa simu binti yake Shiru, anayekata maua shambani huko Karagita na hawezi kuja.

Kasoro ilikuwa moja: sanduku lenyewe lilikuwa na adabu kupita kiasi. Fundi alimweleza kwamba linatumia mawimbi yale yale ya rada ya mvua iliyo kilimani, kwa hivyo lazima lisikilize kwanza. Likisikia rada, linanyamaza dakika nzima likitafuta njia nyingine. Nalo lilipenda kunyamaza zamu ya Wachuka ya kuomba, hadi Shiru akapiga simu kuuliza kama mama ameanguka. Mara ya tatu Wachuka alifungua simu, akaenda kwenye mipangilio ya sanduku, pale fundi alipomwonyesha na kumkataza kugusa, akazima huko kusikiliza. Hakumwambia mtu. Alimwambia Mungu tu, tena haraka haraka.

Wiki tatu baadaye, akina mama wakiwa wamekusanyika, akaja Kimberly, msichana wa kituo cha rada, na kompyuta kwapani. Akawaonyesha picha: mstari mnene wa kijani umenyooka kutoka kilimani ukapita juu ya kanisa. Akasema kila Jumatano jioni rada inaona mvua hapo. Alitaka kuongeza kwamba mvua hiyo haipo, lakini Chepkurui, kiongozi wa maombi, alikuwa ameshaanza wimbo. Wimbo ulipoisha, jambo lilikuwa limeamuliwa: mvua imeonekana juu, imebaki kushuka tu. Jumamosi wote wapande mahindi.

Wachuka akaangalia nje. Udongo ulikuwa mkavu kama unga. Mbegu waliyohifadhi tangu msimu uliopita ingekuwa karamu ya mchwa. Kimberly akamsogelea, akamuuliza polepole kama juu ya paa kuna chombo chochote, maana picha ikichafuka hivyo, mvua ya kweli ikija wao wa kituo hawataijua wawaambie wakulima.

Wachuka akamwambia anywe chai kwanza. Kimberly akanywa. Akamwongezea. Kikombe cha pili kilipoisha, visingizio navyo vikaisha, na Chepkurui alikuwa anauliza nani ana ushuhuda.

Wachuka akasimama. "Dada zangu, ile mvua ni mimi."

Akina mama wote wakamgeukia.

"Umekuwa mvua tangu lini, Mama Shiru?" Chepkurui akauliza.

Akawaeleza yote, mikono ikikunja leso. Sanduku lake lilikuwa linaongea bila kusikiliza, na rada, maskini, ikafikiri kelele hiyo ni mvua. Wasipande.

"Kwa hivyo tumemshukuru Mungu kwa sababu ya sanduku?" Chepkurui akauliza tena.

"Shukrani haiozi, Mama. Ataiweka mpaka mvua ije."

Chepkurui alijaribu kukasirika, kicheko kikamshinda. Kimberly akachukua simu ya Wachuka, akarudisha kusikiliza, kisha akalichagulia sanduku njia ambayo rada haipiti. Jumatano iliyofuata Wachuka aliomba hadi mwisho bila kukatika, na Shiru akasema heri sanduku lingekatika kidogo, mama ameomba kwa muda mrefu sana.

Jumatatu moja mchana simu ikalia. Ilikuwa Kimberly.

"Mathe, ninaona mvua juu ya kanisa. Umewasha kitu?"

Wachuka, aliyekuwa akifagia kanisa, akatoka nje, akaangalia paa. Taa ya sanduku ilikuwa imezimwa, na funguo zilikuwa mfukoni mwake. Tone moja likagonga mabati, kisha la pili.

"Sijagusa kitu, msichana wangu. Hiyo si yangu," akasema, akaenda kumwita Chepkurui atoe jembe.