Siku Baba Alipoipima Meli kwa Kamba ya Chai

Bahasha ilifika nyumbani Jumatano, na kwa bahati mbaya msomaji pekee aliyekuwepo ni mimi. Dada yangu, ambaye bahasha ilikuwa yake, alikuwa kazini kwenye hospitali ya misheni, mwendo wa nusu siku kwa lori. Baba alirudi kutoka shamba la chai, akanishikisha ile bahasha kwa ncha za vidole kana kwamba ndani kuna nyuki, akasema, "Soma."

Kiingereza changu kinatosha kuelewa nusu ya barua yoyote. Nusu inayobaki huwa najaza mwenyewe, na tabia hiyo inajulikana shule nzima. Niliwahi kuwaambia watoto wa darasa la kwanza kwamba inspekta wa shule anakula chaki, na siku inspekta alipokuja watoto walikuwa wameficha chaki zote, mwalimu wao hakuona hata kipande kimoja cha kuandikia. Nilichapwa, lakini nilicheka wiki mbili.

Habari ya dada ilikuwa hivi. Alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi Uingereza. Masomo yalilipiwa na watu wa misheni, nauli ya meli kutoka Mombasa ikawa juu yetu. Baba aliuza ng'ombe wawili, tena wale wazuri, na hao wawili walitosha kwa vyumba vya chini kabisa melini. Kwa vya juu angeuza ng'ombe wote na mimi nikiwa nyongeza.

Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu, na karatasi nyingine iliyokunjwa mara nyingi. Nilipoikunjua ilijaa meza, ikaning'inia pande zote mbili mpaka Mama akasogeza kibuyu cha maziwa ya mursik kisimwagike. Ilikuwa picha ya meli iliyopasuliwa kutoka kichwa hadi mkia, jinsi unavyopasua mkate kuona kama umeiva ndani. Niliona gorofa saba. Niliona vyumba vidogo vimepangwa kama sega la asali, ngazi, jiko lenye meza ndefu kuliko kanisa letu, na chini kabisa mashine kubwa kama zile za kiwanda cha chai, zimekaa tumboni mwa kitu kinachoelea. Niliinama juu yake mpaka pua ikagusa karatasi. Mama akauliza kama tumbo linaniuma.

"Soma," Baba akasema tena.

Nikasoma. Kwenye gorofa ya chini ya abiria vyumba vitatu vilikuwa vimezungushiwa penseli nyekundu: kimoja mbele, kimoja katikati karibu na ngazi, kimoja nyuma. Kila kimoja cha watu wanne, bila dirisha. Tuchague kimoja, baba mzazi atie kidole kwenye fomu, na fomu ifike posta ya Kericho Jumatatu. Ikichelewa, nafasi apewe mwingine. Na darasa la huko Uingereza halingoji mtu wa meli inayofuata.

"Hivyo vyumba viko wapi?" Baba aliuliza.

Ningenyoosha kidole tu, mambo yaishe. Lakini ubavuni mwa meli palikuwa na mstari mwembamba umeandikwa kuwa ni mstari wa maji, na vyumba vyote vitatu vilikuwa chini yake. Sikuweza kujizuia.

"Hapa, Baba. Chini ya maji. Usiku samaki wanabisha ukutani kuomba moto wa kuota."

Nikangoja wacheke. Mkono wa Mama ulisimama juu ya kibuyu. Baba aliikunja ile karatasi polepole, akifuata mikunjo yake ileile, akairudisha kwenye bahasha.

"Binti yangu hatalala chini ya maji," alisema, akatoka kwenda kuangalia ng'ombe waliobaki.

Alhamisi nilimfuata zizini nikaungama. Nikamwambia samaki nilitunga mwenyewe.

"Chumba kiko chini ya maji au hakiko?"

"Kiko, Baba, lakini..."

"Basi hukutania. Ulisoma."

Hapo ndipo nilipoona ubaya wa kazi yangu. Uongo ungekuwa rahisi; uongo unaurudisha, unachapwa, unaisha. Ukweli nilikuwa nimeutoa ukiwa umevaa nguo za mzaha, na sasa nguo hizo hazivuliki tena. Mama hakunisema. Alinipa tu maji ya kubeba mara mbili ya kawaida, akasema, "Dada yako atakuja Jumamosi jioni. Utamweleza wewe."

Ijumaa nikitoka shule nilipitia dukani. Mwenye duka ni mzee aliyetoka Nyeri, na wakati wa vita vya Wajapani alipelekwa Burma kwa meli ya askari. Kila anayenunua chumvi kwake hupewa na hadithi ya meli juu. Nilimwambia kila kitu, hata habari ya samaki. Alicheka mpaka akashika mizani.

"Wewe msichana, ulimi wako utauzwa kwa ratili," alisema. Lakini alifunga duka mapema akaja nyumbani.

Mama alimpa chai. Baba akatandaza ile karatasi, na mzee akatembeza kidole juu yake kama mtu anayerudi kijiji alichokikimbia.

"Sisi tulilala hapa chini," alisema. "Maofisa walilala juu, na maofisa ndio waliotapika. Mti ukipigwa na upepo nini kinayumba, rafiki yangu? Kilele. Shina limetulia. Huku mbele mawimbi yanapiga kama mtu anayevunja mlango. Nyuma kuna yale machuma yanayozunguka kusukuma meli, utatetemeka meno mpaka unafika. Katikati kuna joto, kuna kelele ya mashine, lakini huko ndiko mtu analala."

"Uliyaona maji?" Baba aliuliza.

"Niliona ukuta. Ulikuwa umepakwa rangi ya kijivu."

"Na hukuogopa."

Mzee alikoroga chai ambayo sukari yake ilikuwa imeshayeyuka zamani. "Usiku wa kwanza nililala na buti."

Baba akaitikia kwa kichwa, kama amepata kitu alichokuwa akikitafuta. "Kutoka kitandani hadi kwenye ngazi ni hatua ngapi?"

"Sikupima."

"Na kutoka hapo hadi juu ya maji?"

"Rafiki, nilikuwa naenda vitani. Nani alikuwa na haja ya kupima?"

"Basi hujui," Baba akasema, bila ubaya wowote, akamwongezea chai.

Lazima nieleze kazi ya Baba. Yeye hachumi chai. Yeye ndiye anayetangulia kabla ya chai kuwepo. Msitu ukishakatwa, anaingia na kamba na vigingi, anapanga mistari ya kupandia kufuata mgongo wa kilima. Kamba yake ina fundo kila futi nne, mahali pa mche. Vilima vyote vile ambavyo watu husimamisha magari kuvitazama, ile mistari iliyolala kama nywele zilizosukwa, mingi ilianza ikiwa kigingi mkononi mwa Baba. Kitu kisichopita kwenye kamba yake hakiamini. Alikataa hata kuamini urefu wangu mpaka aliponilaza chini.

Jumamosi adhuhuri alirudi na kamba begani na gunia la vigingi. "Leta karatasi," aliniambia. "Na usome yaliyoandikwa."

Mbele ya nyumba yetu kuna malisho yanayoteremka mpaka kijito, upande wa pili ukipandisha kuelekea msitu wa Mau. Baba alitaka kuilaza meli yote pale, ubavu ukitazama juu, kwa ukubwa wake halisi. Mimi nikisoma futi, yeye anageuza kuwa miche. Urefu wa meli ulikuwa miche mia moja na thelathini.

"Rudia," alisema.

Nikarudia. Akatazama malisho, akatazama ua wa jirani, akaenda kuomba ruhusa. Nilimsikia akisema kwa heshima, "Tunaomba kupitisha meli." Jirani alidhani ni neno la dini mpya, akakubali.

Tulivuta kamba tangu saa saba. Mkia wa meli ulianzia kwenye miti yetu ya miwati. Kichwa kilipita ua, kikaingia kwenye mahindi ya jirani. Kila gorofa tuliipandisha mafundo mawili mlimani, moja juu ya nyingine, mpaka ya saba ikafika mlangoni pa Mama. Ng'ombe wa jirani alisimama kwenye chumba cha kulia cha matajiri, akala bila tai. Nilitaka kumwambia Baba, nikameza. Kwenye karatasi meli ilikuwa picha. Sasa nilisimama kwenye kigingi cha mwisho, nikamwona Baba kwenye kigingi cha kwanza, mdogo kama tumbili, na kati yetu ilikuwa meli moja, na watu wameitengeneza, na inaondoka nchi kavu na kurudi.

Baba naye alikuja akasimama kando yangu. Miaka yote amepanga vilima, lakini sijawahi kumwona akitazama kilima vile.

"Na hii inaelea," alisema.

"Wanasema hivyo, Baba."

Mwisho tukapanga vile vyumba vitatu. Miche miwili kwa miwili na nusu, watu wanne. Mstari wa maji akaufunga vitambaa vyeupe vya gunia la unga, kigingi baada ya kigingi. Kisha akapima kutoka chumba cha katikati kupanda hadi kwenye vitambaa. Alipima mara tatu.

"Mafundo mawili," alisema.

"Baba, hata shimo letu la choo ni refu kuliko hapo."

Safari hii sikuwa natania, na pengine ndiyo sababu midomo yake ilicheza. Lakini mvua ya saa kumi ikatukimbiza ndani, na alikuwa hajasema ndiyo.

Dada alishuka kwenye lori jioni hiyo, amelowa. Nilimweleza mlangoni, yote, kuanzia samaki. Sikutafuta pa kujificha. Alinitazama kwa yale macho ya hospitalini, ya mtu anayeangalia kidonda kabla ya kukigusa.

"Nimengoja barua hiyo miaka miwili," alisema. Akaingia kumsalimu Baba. Ningependa zaidi kama angenipiga.

Asubuhi, kabla ya kanisa, dada alichukua blanketi lake akateremka malishoni peke yake. Ukungu ulikuwa bado umelala kwenye kijito. Akapita gorofa moja baada ya nyingine kwa ngazi tulizoziwekea vigingi, akavuka vitambaa vyeupe, akaingia chumba cha katikati, akatandika blanketi kwenye nyasi zilizolowa, akalala chali. Baba alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Hakuna aliyemwambia dada afanye hivyo.

Hapo ukungu ukaanza kupanda. Kwetu ukungu ni kitu cha kila siku, hatuutazami. Siku hiyo tuliutazama. Ulijaa kijito, ukafunika mashine, ukaingia kwenye vyumba vya chini, mweupe, hauna sauti. Ukamfunika dada. Ukafika kwenye vitambaa, ukapita kidogo, ukatulia, na juu yake meli yetu ikabaki inaelea, gorofa zake za juu zikionekana na za chini hazipo.

Baba alipiga hatua moja mbele. Akamwita dada.

"Ee, Baba," sauti ilitoka chini.

"Uko wapi?"

"Niko chumbani."

"Kukoje huko?"

"Kuna baridi kidogo. Namsikia ng'ombe wa jirani akitafuna."

"Unapumua?"

"Baba, ningekujibuje?"

Mama aliziba mdomo kwa leso. Baba aliweka kikombe chini, akateremka. Nilimwona akifika kwenye vitambaa, akasimama, kisha akaingia: magoti, kiuno, kofia. Nilibaki juu na matajiri, sioni mtu. Nilisikia sauti zao mbili ndani ya ule weupe, za chini, za watu wanaopanga jambo. Alimwuliza mlango uko upande gani. Alimwuliza angefanyaje akiamka gizani. Nikasikia hatua zake zikienda chumba cha mbele, zikirudi. Zikienda chumba cha nyuma, mwendo mrefu, zikirudi. Kisha alipanda, na safari hii alikuwa anahesabu kwa sauti. Kofia ilipotokea juu ya vitambaa alikuwa amefika kumi na moja.

Dada alikuja nyuma yake na blanketi limelowa.

"Cha katikati," Baba alisema. "Ni hatua kumi na moja. Azihesabu siku ya kwanza na macho wazi, siku ya pili na macho yamefungwa."

Mama alileta wino kwenye kifuniko cha bati. Kidole gumba cha Baba kina kovu la panga, na kilipobonyezwa kwenye fomu kovu lilitokea katikati, mstari mweupe. Kisha akanisukumia kalamu, mimi, si dada.

"Andika namba ya chumba," alisema. "Na usiongeze kitu."

Nikaandika tarakimu tatu, polepole kuliko nilivyowahi kuandika mtihani wowote. Dada alikuwa amesimama nyuma yangu. Nilipomaliza aliinama akaichungulia fomu kwa muda.

"Hakuna samaki," alimwambia Baba.

Jumatatu niliipeleka mwenyewe posta. Niliporudi Baba alikuwa amekunja kamba, maana kamba ni ya shamba, na vigingi vimerudi kwenye gunia. Alibakisha vinne, vile vya chumba. Ng'ombe wetu wanavizunguka wanapokula, na mpaka leo hakuna anayeviondoa.