Breki Kubwa za Ndolo

Ndolo wa Kasikeu alifanya kazi ya mizani nusu ya maisha yake, na ndiyo maana hakuiamini mizani. Alikuwa karani wa kupima pamba ya ushirika. Mkulima akileta gunia, Ndolo alilitazama tu, akataja uzito wake kwa sauti ya kusikika mpaka nje, kisha ndipo akalitundika. Mizani ikikubaliana naye, alitabasamu. Ikikataa, aliigonga kidogo na kusema, "Hii chuma imelewa." Wakulima hawakubishana. Mizani haikuwa na mdomo na Ndolo alikuwa nao.

Alipostaafu, miaka ya sabini ikielekea ukingoni, alinunua pikapu ya buluu iliyozeekea mikononi mwa watu wengine. Aliinunua vilevile alivyopima pamba: akaizunguka, akaitazama, akasema ni nzima. Na kweli kwenda ilikwenda. Hakuna aliyemwuliza kama inasimama.

Mimi nauza vyuma kuukuu Kibwezi, kando ya barabara ya Mombasa. Gari likipinduka kule Kiboko, wako wanaolia na wako wanaoomba. Mimi huuliza mwenyewe ni nani na anauza lini. Nilianza na chupa tupu, nikaenda misumari, nikafika injini, na watu wakaanza kuniita Mama Chuma. Sikumtafuta Ndolo. Mteja wangu huletwa na shida yake mwenyewe.

Shida ya Ndolo ilianza Jumapili moja wakitoka kanisani, yeye na mkewe Mutindi. Kutoka kanisani kwao kuna kilima kinachoteremka, kisha njia inapinda kuelekea sokoni. Hapo kwenye kupinda pedeli ya breki ilizama kama mguu kwenye uji. Ndolo akachagua ua wa mkonge wa jirani yake Muthama, na ua ukafanya kazi ambayo breki zilikataa. Hakuna aliyeumia. Mutindi alishuka, akatoa miiba kwenye kitambaa cha kichwa, mmoja mmoja, bila haraka, mpaka akina mama wote wa kanisa wakawa wamefika. Ndipo akasema.

"Ndolo, mimi niliolewa na mtu. Na gari sikuolewa. Sitapanda tena kitu hiki mpaka kijifunze kusimama."

Sisi Wakamba, neno ambalo mwanamke amelitoa mbele ya akina mama wa kanisa halirudi mdomoni. Akilirudisha, litatungiwa wimbo, na wimbo utafika Kitui kabla yake.

Basi kila Jumapili ikawa hivi: Mutindi mbele kwa miguu, Biblia kwapani, na Ndolo nyuma yake kwenye pikapu, gia ya kwanza, injini ikinung'unika. Kumpita mkewe hangeweza, kwa aibu. Kuliacha gari nyumbani hangeweza, kwa kiburi. Muthama, ambaye alikuwa bado anaushona ua wake, alimngojea pale kila wiki.

"Ndolo, unachunga?"

"Endesha ua wako, Muthama."

"Nauliza tu. Naona kundi lako ni mmoja, na ndiye anakuongoza."

Hayo yote Ndolo angeyavumilia, kama si uzee wa kanisa. Mzee mmoja alikuwa amehamia kwa mwanawe, nafasi ikabaki wazi, na jina la Ndolo likatajwa. Alikuwa ameitamani nafasi ile tangu anyoe ndevu kwa mara ya kwanza. Kisha kwenye kikao mtu akauliza: asiyeweza kumpandisha mkewe gari, atalipandisha kanisa wapi? Wazee hawakulikataa jina, ila walimwambia kwa ule upole wao unaouma, "Ndugu, uchaguzi ni mwisho wa mwezi. Tungefurahi kukuona ukifika pamoja na Mama. Kwa gari."

Ndivyo alivyofika kwangu. Alikuja kutoka Kasikeu kwa breki zilezile, akisimama kwa gia, kwa breki ya mkono na kwa neema, na nyuma kwenye bodi alikuwa amebeba ndama jike.

"Mama Chuma, nasikia una breki za diski. Zile kubwa."

"Ninazo. Zimetoka kwa gari moja zito, wagoni. Mwili wake umekwisha, breki ni nzima. Fungua gurudumu moja la gari lako ulilete hapa tulijaribishe."

"Gurudumu la nini? Jicho hili limepima pamba ya Makueni nzima."

"Pamba hubonyea, mzee. Chuma hakibonyei."

Akafumba jicho moja, akaitazama breki, akalitazama gurudumu kwa mbali. "Inaingia."

"Kikitoka kwangu hakirudi."

"Nani amesema atarudisha?"

Tuliendelea na habari ya ndama mpaka ndama mwenyewe akachoka akalala. Mwishowe nikamchukua, nikampa breki zote mbili za mbele na kila kilichoshikana nazo.

Aliyezifunga ni Rashid, fundi ambaye gereji yake imepakana na uwanja wangu. Wazee wake walitoka pwani, lakini yeye Kikamba anakisema kutushinda, na maneno hayamwishi. Alitoa zile breki za zamani za ngoma, akachonga hapa, akachomelea pale, akafunga diski kubwa na kalipa zake, ile mikono ya chuma inayoibana diski. Ilikuwa kazi safi. Kisha akarudisha gurudumu, akakaza nati, akaliambia, "Haya, zunguka."

Halikuzunguka. Ndolo akalisukuma kwa mikono miwili. Likatoa mlio mmoja, krr, likanyamaza.

"Hongera, mzee," Rashid akasema. "Hizi ni breki. Gari limesimama kabla halijaanza."

"Umefunga vibaya."

"Nimefunga vizuri mno. Njoo uone." Akalitoa gurudumu, akamwonyesha ndani yake alama mpya ya kukwaruzwa. "Gurudumu lina tumbo, na breki inakaa ndani ya lile tumbo. Kalipa ikigusa kule juu, kwenye ukingo, dawa ni rimu kubwa zaidi, hakuna nyingine. Yako juu imepona, ukucha unapita. Inagusa hapa usoni, ubavuni. Bahati yako. Hii inataka gurudumu lisogezwe nje kidogo tu."

"Lisogezwe na nini?"

"Na spesa."

Spesa ni kitu cha kijinga ukikitazama: chapati ya chuma yenye matundu, inakaa kati ya breki na gurudumu, kazi yake ni kusukuma. Chapati hizo zilichongwa kwenye karakana ya shamba la mkonge, na mchongaji alikuwa mtu anayenijua, kwa hiyo hazikuchelewa. Rashid akazivalisha, akarudisha magurudumu, na safari hii yakazunguka bila neno. Yalikuwa yametokeza nje ya madigadi kama magoti ya mtu aliyechuchumaa, lakini yalizunguka. Ndolo alikuwa ameshafungua mlango apande.

"Bado," Rashid akasema. "Spesa imekula bolti. Zamani nati ilikuwa inaingia mpaka ndani. Sasa inashika ncha."

"Bolti ndefu ninazo," nikasema.

Ndolo akacheka kicheko cha mtu aliyemfumania mwizi. "Nilijua! Breki ikazaa spesa, spesa imezaa bolti. Bolti itazaa nini, Mama Chuma? Na hiyo itataka ng'ombe gani?"

"Sijataja ng'ombe."

"Yumo machoni mwako, namwona. Nati zimeshika. Naziona zimeshika."

"Zimeshika kama mgeni anayeshika ukingo wa kiti," Rashid akasema. "Mzee, huyo anataka kwenda. Usikimbie na gari hili, na usipakie mtu."

Ndolo akaondoka. Mimi sikumfuata. Kumwambia mtu mara moja ni wema, mara mbili ni biashara, mara tatu ni kujidhalilisha.

Nilidhani yamekwisha. Lakini kabla ya ile Jumapili ya uchaguzi, Mutindi mwenyewe akashuka kwenye basi mbele ya uwanja wangu. Mabasi ya watu alipanda, ni gari la mumewe tu aliloligomea. Hakuketi.

"Wewe ndiwe uliyemchukua ndama wangu?"

"Ndama alikuja na Ndolo."

"Ndolo anajua jina lake? Mwulize. Ndama nilimlea mimi." Akaniangalia toka kichwani hadi kwenye viatu. "Hizo breki zinashika?"

"Zinashika."

"Basi Jumapili uje usimame nami chini ya kilima, yeye akiteremka. Kama bidhaa yako ni nzuri, hutaogopa kusimama njiani mwake."

Nimepatana na wenye malori, na wakulima wa Kibwezi, na askari wa barabarani. Sijawahi kubanwa hivyo. Nikamwambia ukweli, kwa kuwa ulikuwa wa bei nafuu kuliko uwongo. "Mama, breki naziamini. Nati siziamini." Nikamwonyesha kwa bolti na nati zilizokuwa mezani.

"Umemwambia yeye?"

"Mimi na fundi, wote wawili."

"Basi amesikia. Masikio yale nimekaa nayo, nayajua." Akafikiri kidogo. "Tutasimama kando, si njiani."

Jumapili kanisa zima lilikuwa kilimani kabla ya kengele. Mutindi alichora mstari kwa fimbo kutoka ukingo hadi ukingo wa njia, kisha akawafukuza watoto wote, na wakubwa pia, mpaka juu ya ukingo. "Gari likisimama kabla ya hapa," akasema, "nitapanda." Wazee wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Mimi nikasimama kando yake, kama tulivyopatana.

Ndolo akatokea juu, amevaa koti lake la kazini, lile la siku za pamba. Akaachilia. Pikapu ikaja, ikakaribia, akakanyaga breki, na nasema haki: sijaona gari likisimama vile. Lilisimama kama mtu aliyeitwa jina lake. Mstari ulikuwa bado mbele yake, wenyewe, haujaguswa. Akina mama wakapiga vigelegele. Mutindi akaanza kujifuta vumbi kwenye viatu ili akapande, na kama mambo yangeishia hapo, kila mtu angekuwa amepata chake.

Lakini Muthama alikuwepo.

"Aiya, Ndolo! Mwendo huo hata punda wangu angesimama! Siku ile ulipoingia kwangu ulikuwa unaenda hivyo?"

Watu wakacheka. Ndolo akatoa kichwa dirishani. Alimtazama mkewe, akawatazama wazee, na nadhani hapo aliuona uzee wa kanisa ukimtoroka kwa kicheko kile.

"Baba, inatosha," Mutindi akasema. "Imesimama. Nimeona."

"Waone wote," Ndolo akajibu, akairudisha pikapu nyuma mpaka juu.

Mara ya pili alikuja kama aliyefukuzwa. Akakanyaga, breki zikauma, na zile nati zilizokuwa zikishika ncha zikaamua kuondoka. Gurudumu la kushoto likatoka. Halikuwa na haraka wala hasira. Likavuka mstari, likapita mbele yetu wima kabisa, likateremka likikata kona vizuri kuliko Ndolo alivyowahi kuikata, likaenda kulala kwenye vichaka vya chini. Pikapu yenyewe ikainama upande ule, diski ikachimba mtaro barabarani, ikasimama.

Vumbi likatua. Kisha mlango ukafunguka na Ndolo akashuka, mzima, koti limekaa sawasawa. Akatembea mpaka mbele ya gari, akapima kwa jicho mpaka kwenye mstari.

"Mmeona?" akasema. "Imesimama kabla."

Na ilikuwa kweli. Wazee wakautazama mstari, wakalitazama gari, wakatazamana. Hakuna aliyekuwa na kanuni ya jambo kama lile.

Mutindi akavuka njia. Akachungulia pale palipokuwa na gurudumu, akaizunguka pikapu yote polepole, akaisukuma kwa bega mara moja kuona kama itatikisika. Haikutikisika. Akafungua mlango wa abiria, akapanda, akaketi, akaweka Biblia mapajani na kuufunga mlango.

"Haya," akasema. "Sasa linanitosha."

Kengele ikalia. Ndolo akaenda kanisani kwa miguu, na mkewe akabaki kwenye gari, kioo kimeshushwa. Kanisa lilikuwa hapo karibu, mahubiri aliyasikia yote. Uchaguzi ulipofika, sharti lao lilikuwa limetimia: mke alikuwa garini, kila mtu alimwona. Ndolo akachaguliwa mzee. Lakini kwa desturi yao, mzee mpya haombewi peke yake, lazima mkewe asimame ubavuni mwake mbele ya watu. Mchungaji akamtuma mama mmoja amwite. Yule mama akarudi peke yake. Akatumwa mzee. Akarudi peke yake.

"Anasema nini?" mchungaji akauliza.

"Anasema mlimtaka apande, amepanda. Sasa mnamtaka ashuke? Mwamue kwanza."

Wakabishana kidogo, kisha kanisa lote likatoka nje likiimba, likateremka kilima, likaizunguka pikapu. Ndolo akasimama kando ya dirisha, Mutindi akatoa mkono mmoja nje akamshika bega, na mchungaji akaweka mikono juu ya wote wawili. Akaomba kwa sauti kuu Mungu amfanye mtumishi wake imara, asiyetikisika, asiyerudi nyuma.

"Amina," Muthama akasema, na kabla watu hawajafumbua macho, akaokota jiwe kubwa akalisukumia chini ya gurudumu la nyuma.