Jiwe Moja, Watoto Wawili

Juzi nilirudi mtaani kwetu Mulongwe, Uvira, rafiki yangu, nikaitafuta nyumba ya nyanya nisiione. Mto umeibeba, jiko na ukuta na kila kitu. Watu wanaanika ndagala pale pale tulipokuwa tunalala. Harufu ile ya dagaa juani ikanipanda puani, nikawa tena mtoto wa miaka tisa, mwenye wivu mpaka kooni.

Usinihukumu haraka. Ilikuwa miaka ile ya vurugu baada ya uhuru, waasi wameingia Uvira, na sisi wawili tulikuwa tunalelewa na nyanya. Mimi mkubwa nilichota maji, nilitwanga sombe ya majani ya muhogo, nilifukuza kuku kwenye samaki. Mdogo wangu alikaa mapajani. Kichwa cha samaki mukeke, kile chenye mafuta, kilikuwa chake. Nikinung'unika, nyanya alisema, "Mkubwa ni jalala." Jalala gani hilo lisilotupiwa hata mfupa wa samaki?

Mchana mmoja mdogo wangu alikwenda kuchukua ukuni, buibui mweusi akamuuma mguuni. Mwanzoni nilimcheka. Kabla ugali haujaiva jasho lilikuwa linamtiririka, tumbo limekaza kama ubao. Dispanseri ilikuwa wazi lakini ndani hamna kitu; muganga alishavuka ziwa kwenda Bujumbura. Nyanya akamlaza, akamwosha mguu kwa sabuni, akamkataza kujitikisa. Kisha akampa chai yenye sukari yetu ya mwisho. Ya mwisho! Niliitazama sukari ile zaidi ya nilivyomtazama mgonjwa.

Akaja jirani, mzee aliyewahi kuwapikia mapadri, na jiwe jeusi walilomwachia. Hukuwahi kuliona? Ni mfupa uliochomwa, mdogo kama kidole gumba. Unachanja kidogo kwa wembe, unalibandika, linang'ang'ania hapo likinyonya sumu mpaka linaanguka lenyewe. Baadaye lazima lichemshwe katika maziwa, la sivyo halifanyi kazi tena. Na maziwa yetu yalitoka Bijombo, na njia ya mlimani ilikuwa imefungwa.

"Iko ya muntu moja tu," jirani alisema. "Na mutoto wa kuumwa hivi, kule Bwegera nilimuzika."

Nyanya akaanza kutetemeka. Hata risasi hazikuwahi kumtetemesha. Kwa ajili yangu angetetemeka hivyo? Nikashika mguu wangu, nikapiga yowe: "Na minye! Imeniuma na minye!"

Nyanya akageuka, jiwe alilopewa na jirani mkononi. Aliniangalia mimi, akamwangalia mdogo wangu, akaniangalia tena. Nilitaka kusema nadanganya, lakini ndiyo hivyo, maji yakimwagika hayazoleki.

"Weye iko na nguvu," akasema polepole. Akainama, akambandika mwenzangu jiwe.

Mimi nilioshwa kwa sabuni, nikafungwa kipande cha kitenge, basi. Jiwe lilianguka kabla ya jua kuzama, na kesho yake mdogo wangu akaomba ugali. Nilifurahi, Mungu ni shahidi, na bado nililia. Nilichechemea siku mbili nisije nikagunduliwa, siku ya pili kwa mguu usio wenyewe. Nyanya aliniona nikipita. Akaendelea kuanika ndagala.

Muuguzi mmoja ameniambia jiwe lile halina nguvu yoyote, na wembe ni hatari tupu. Mtu anaoshwa, anatulizwa, anakimbizwa hospitali, na wengi hupona. Sawa. Basi miaka yote hii nimeonea wivu mfupa wa kuchoma.

Mdogo wangu sasa ana wajukuu. Kila tukikutana husema, "Yaya, mkubwa wangu, nyanya alitupenda sawasawa." Naitikia, nifanyeje? Mzee wa jiwe hayupo, mapadri wake hawapo, na nyanya alituacha kabla sijathubutu kumuuliza kama alijua nadanganya. Kama alijua, sina neno. Kama hakujua, basi mchana ule alikuwa na watoto wawili wa kufa na jiwe moja, na alishachagua.