Saa Moja Aliyoifuta Orrin

Orrin Haglund ni bahili wa umeme, na simsengenyi. Miaka tisa nimekaa naye chumba kimoja hapa Corvallis, yeye akibuni vigeuzi, mimi nikimchorea ramani ya vijiwaya vyake kwenye chipu. Kigeuzi chake ni kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Hupokea mapigo ya moyo kutoka kwenye ngozi na kuyafanya tarakimu. Orrin anataka kifanye hivyo mwezi mzima kwa betri ya saa ya mkononi. Nikiongeza mstari mmoja usio wa lazima, ananijia juu.

"Roxanne, unanila umeme!"

"Si useme tu unataka mgonjwa awe anaota jua ndipo kifaa kiwake."

"Hapa Oregon kwenye mvua hizi? Si atakufa Novemba!"

Hucheka, kisha hurudi kwenye kompyuta yake, kwenye kazi ambayo hakutumwa na mtu.

Miaka kumi na moja iliyopita, mkewe Maeve akiwa na mimba ya miezi minane, Orrin alimbandikia tumboni chipu yake ya kwanza. Ndivyo tulivyo, vitu vyetu tunavijaribia kwenye miili ya watu wetu. Ilirekodi Jumamosi hadi Jumapili. Wiki tatu baadaye binti yao, Signe, alizaliwa amekufa. Wakunga walikuwa wakimsikiliza tu, hawakuhifadhi chochote. Likabaki faili la Orrin. Moyo wa Maeve umo, tena kila pigo linaonekana wazi. Wa Signe haumo.

Haumo kwa sababu ya ule ubahili. Kigeuzi hupima wimbi kwa vidaraja, na vidaraja vingi vinakula umeme. Orrin alivipunguza, kila kimoja kikawa kirefu, na moyo wa mtoto haukufikia hata cha kwanza. Tangu hapo analichambua faili lile. Nilimhurumia mpaka nikakasirika. Inauma kumwona mtu mzima akiutazama mstari ulionyooka na huku anatumaini.

Februari hii, tukinywa kahawa, nilimwambia nilichokuwa nikikifikiria wiki nzima.

"Shida ni kwamba chipu yako ilikuwa safi mno. Ingeingiliwa kidogo na umeme wa nyumba, ule mtetemo ungeyanyanyua mapigo ya mtoto juu ya kidaraja cha kwanza, halafu sisi tungeuchuja. Hakuna hata saa moja iliyochafuka?"

Akaweka kikombe chini.

"Ilikuwepo. Jumapili, Maeve alijifunika blanketi la umeme. Saa nzima mstari ulitetemeka ovyo."

"Sasa iko wapi?"

"Niliifuta siku ileile. Ilikuwa inaniharibia ripoti."

Hata mimi ningeifuta. Hakuna mtu wa kazi hii ambaye asingeifuta.

"Maeve anajua?"

"Hajui. Kila mwaka, siku kama ya leo aliyozaliwa Signe, huja kuniuliza kama nimempata. Namwambia bado."

Na kweli adhuhuri Maeve akaja, koti limelowa mvua, na chupa ya supu ya chaza na mkate. Niliinuka niwapishe. Orrin akanishika mkono wa sweta, nikakaa.

"Umempata?" Maeve akauliza, akifungua chupa.

"Sitampata, Maeve. Saa ambayo angeonekana niliifuta kwa mkono wangu. Nimekuwa nikikuficha miaka yote hii."

Maeve aliendelea kumimina supu.

"Uliifutia kwenye meza ya jikoni. Nilikuwa nimekaa pembeni yako na tumbo langu hili hapa. Ukasema, takataka gani hii."

"Ulijua?" Sauti ya Orrin ilikwaruza. "Sasa mbona unaniuliza kila mwaka?"

"Kwa sababu humtaji, Orrin. Mwaka mzima jina lake halikutoki mdomoni. Lakini nikikuuliza umempata, unanijibu, 'Signe bado.' Hiyo ndiyo siku yangu ya kumsikia."

Nilitazama dirishani kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka, na nilijichukia kwa kuwepo pale. Orrin aliikoroga supu yake mpaka ikapoa.

"Signe," akasema hatimaye.

Maeve akaweka kijiko chini na kufumba macho.

"Tena," akamwambia.