Wimbo Aliouagiza Papa Kasongo

Saa tisa na dakika kumi alasiri, Jumamosi moja ya Novemba mwaka 2002, kengele ya mlango wa mama mdogo wangu Régine ililia, naye akaacha kupiga gitaa katikati ya ubeti. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na tayari nilikuwa na tabia ya kutazama saa kila jambo lilipoanza. Tulikuwa ghorofa ya nne, Anderlecht, Brussels, katika chumba kilichonukia sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, na makoti yaliyoloa mvua. Nyuzi zilikuwa bado zinavuma kidogo alipokwenda kufungua. Aliyeingia alikuwa Papa Kasongo, mwenye duka la vitenge karibu na Chaussée d'Ixelles, amevaa suti ya buluu na kutabasamu kama mtu aliyekuja kuposa.

Mama mdogo alikuwa mwimbaji wa kantri, muziki ule wa mashambani Marekani. Kwa miaka mingi nilidhani kila familia ina mtu wa namna hiyo. Alizaliwa Likasi, Kongo, binti wa fundi wa reli, na jirani yao alikuwa mmisionari Mmarekani ambaye siku ya kuhama aliwaachia watoto wa mtaa sanduku la santuri. Régine hakujua Kiingereza. Hata hivyo alisikia katika sauti zile kwamba kila wimbo ulikuwa na mtu aliyepatwa na jambo, akawa anajitungia mwenyewe, kwa Kiswahili, jambo lililompata. Gitaa alijifunza kwa kaka zake, kwa vidole viwili, jinsi wanavyopiga watu wa Katanga. Alipofika Brussels aliimba nyuma ya bendi za rumba katika baa za Ixelles, kisha akaziacha kwa sababu, alivyosema, hakuna aliyemruhusu kumaliza hadithi. Siku za juma alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Jumamosi usiku aliimba katika kumbi za parokia mbele ya Wabelgiji wenye kofia pana na buti, makarani wastaafu na waoka mikate, waliocheza kwa safu bila kushikana. Niliwatazama kwa saa nzima nikijiuliza kwa nini hawavui kofia ndani ya nyumba, na nani aliyewaambia wageuke wote kwa pamoja.

Majira yale alikuwa amepata nafasi moja. Mwandaaji wa tamasha la kiangazi huko upande wa Liège alimsikia akamwambia alete diski yenye nyimbo saba kabla ya Pasaka. Bila diski asingemweka kwenye ratiba. Nyimbo zilikuwepo. Fedha za studio hazikuwepo, na ndizo Papa Kasongo alizokuja kuziahidi.

Sharti lake lilikuwa libanga. Katika muziki wa Kikongo ni desturi: mwenye uwezo hulipa, na mwimbaji hulitupa jina lake katikati ya wimbo, hata kama wimbo unahusu mapenzi ya watu wengine kabisa. Hakuna anayeona ajabu. Papa Kasongo aliutaka wimbo ule uliokatizwa na kengele.

"Unitupe mara trois tu," Papa Kasongo alisema. "Mwanzo, katikati, na ku mwisho."

"Papa Kasongo, ule wimbo ni ya muntu wa mine anauzisha velo yake juu mutoto iko mugonjwa. Wewe utatokea wapi?"

Alifikiri kwa dhati, kana kwamba baiskeli ya mchimba madini yule ilikuwa mbele yake. "Donc niko ule anainunua."

Mama mdogo alicheka mpaka akaliweka gitaa chini. Kisha akamweleza, kwa upole, kwamba katika kantri jina halitupwi. Likitajwa, lazima mwenyewe afanye kitu au kitu kimpate. Akampa shauri: badala ya kutajwa mara tatu katika wimbo wa mwingine, atungiwe wimbo mzima wa maisha yake. Amsimulie tu, asifiche. Papa Kasongo alipokea shauri lile kama mtu aliyepewa kilo ya ziada kwenye mzani.

Alirudi Jumamosi mbili zilizofuata. Alisimulia safari ya kutoka Kolwezi na sanduku lake moja, baridi ya ghala alikobeba mizigo, kitenge cha kwanza alichouza. Mama mdogo alisikiliza akijaribu vidole kwenye nyuzi, bila kuimba. Mimi ndiye niliyeuliza, kwa sababu nilitaka safari ianze mahali pake: "Tonton, siku ile ku stesheni ya Kolwezi, nani alikusindikiza?"

Aliizungusha glasi yake. "Mado," alisema. "Bibi yangu wa kwanza. Nilimwambia miezi sita, nitakuya kukukamata." Ilikuwa imepita miaka kumi na miwili, na hakuwa amekwenda kumchukua. Hakutukataza kitu, wala hakuomba kitu. Alimaliza bia yake akaaga.

Wimbo uliimbwa mara ya kwanza mwezi wa Februari katika ukumbi wa parokia. Papa Kasongo alikuja na rafiki zake wanne na mke wake, Maman Clarisse, noti zikiwa tayari mkononi ili ambandike mwimbaji kwenye paji la uso, kama tunavyofanya sikukuuni. Wabelgiji walijipanga safu. Jina halikutajwa katika ubeti wa kwanza, wala wa pili. Wimbo ulikuwa wa mwanamke aliyesimama stesheni akihesabu mabehewa, na ni mwisho kabisa ndipo aliposema taratibu, Kasongo, sanduku umechukua, na mimi je. Wabelgiji waligeuka kushoto kwa pamoja. Papa Kasongo alikuwa amekwisha simama. Alibaki amesimama na noti zake, kisha akaketi.

Alitusubiri kwenye korido. Fedha zingetoka Jumatatu, lakini kwa sharti jipya. "Régine, bon. Utoe Mado, nalipa lundi."

"Nikimutoa Mado, wimbo inabakia na nini? Na sanduku?"

"Nilikuomba jina."

"Jina yako iko mule."

Maman Clarisse alikuwa anafunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja. "Ulitaka mara trois," alimwambia mumewe. "Umepata moja. Muache aimbe tena mara deux." Waliondoka bila kuagana. Pasaka ilipita, diski haikuwepo, na tamasha likapata mwimbaji mwingine.

Mama mdogo aliendelea na kumbi za parokia miaka kumi na mitatu zaidi, hadi vidole vilipoanza kumuuma. Leo mwanangu hurekodi wimbo chumbani kwa simu na kuutuma duniani kabla ya chakula cha jioni, bila tajiri wala sharti. Nimesoma mengi kuhusu kantri na libanga tangu wakati huo, nikitafuta jibu la swali ambalo vitabu haviwezi kulijibu: kama Papa Kasongo alimtaja Mado kwa bahati mbaya, au alitaka mtu amwimbie jambo aliloshindwa kulisema. Sijui. Mwaka jana nilimuuliza mama mdogo swali jepesi zaidi, kama leo angekubali kumtoa Mado. Alisema hapana. Kisha, bila mimi kuuliza, na bila kusita hata kidogo baada ya miaka yote hiyo, akaitaja bei ya studio ya mwaka ule, elfu mbili na mia tatu, kwa Kifaransa kama tunavyotaja bei zote: euro deux mille trois cents.